Hii ni ya Watoto

Kondoo aliletwa kwa baba Jumamosi mchana, nami nilikuwa nyuma ya nyumba nikikanda unga wa chapati. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa amelalamika njia nzima ya kupanda kutoka barabarani, na aliyekuwa akimvuta kamba ni baba mdogo wa mume wangu, mzee wa Muthara ambaye sijawahi kumwona bila koti, hata jua liwe kali namna gani. Alimfunga kondoo kwenye mparachichi, akapangusa viatu vyake kwa majani, ndipo akabisha hodi.

Wakati huo nilikuwa nimekaa kwa baba karibu mwaka mzima, mimi na watoto wangu wawili, msichana na mvulana. Kwa baba ni juu kidogo ya Nkubu, katikati ya kahawa na migomba. Sikuwa nimeachika. Nilikuwa nimerudi nyumbani tu, na anayejua maisha ya kwetu anajua kwamba hilo ni jambo jingine kabisa. Mwanamke aliyeachika watu wanajua pa kumweka. Aliyerudi nyumbani anaulizwa kila Jumapili nje ya kanisa atarejea lini kwake, naye anajibu kwamba yupo tu, anamsaidia mzee kazi za shamba.

Nyumba yetu ilikuwa Nchiru. Mume wangu ni fundi wa mawe, na hosteli nyingi za wanafunzi pale zimepita mikononi mwake. Mimi nilikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe mbele ya mojawapo, wanafunzi wakiniita mathe na kunikopa bila aibu. Siku moja aliniambia, vifaa vyake vikiwa tayari ndani ya gunia, kwamba amekubali kazi ya ghorofa huko Embu, na kwamba sisi tutahamia au tutabaki, nichague. Yeye alikuwa ameshachagua. Kibanda kile nilikisimamisha mwenyewe, ubao kwa ubao, halafu ninaletewa habari za maisha yangu kama mpangaji anayeambiwa kodi imepanda. Nilichukua pimamaji yake, ile ya njano anayoipenda kuliko shati lolote, nikairusha mpaka barabarani. Alikwenda akaiokota, akaiweka juu ya jiwe aone kama bado inapima sawa, akaondoka nayo. Nilimfungia simu jioni hiyo hiyo, namba yake isinifikie tena. Wiki iliyofuata nilifunga kibanda, nikapanda kwa baba, na kuhusu ile pimamaji sijutii hata leo.

Baba alimkaribisha mgeni sebuleni. Ni mjane, mtu wa kahawa na ng'ombe mmoja, na ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Nadhani hilo limenisaidia sana maishani, maana mtu hawezi kumfokea mamake ipasavyo. Nilipeleka chai, nikarudi kusimama nyuma ya mlango kama kila mwanamke mwenye akili. Walizungumza kuhusu mvua. Walizungumza kuhusu bei ya miraa, ambayo yule mzee alisema imeanguka, na bei ya kahawa, ambayo baba alisema haijawahi kuinuka. Mgeni aliwaita watoto wangu akawashika vichwa, akauliza kama wanasoma kwa bidii. Hakuna aliyemtaja mume wangu. Kondoo naye hakutajwa, ingawa alikuwa akilia chini ya dirisha muda wote. Chai ilipokwisha mzee alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema basi, alikuwa amekuja kuwasalimu tu.

Alipopotea kwenye kona, baba alitoka nje. Alimzunguka yule kondoo polepole, akamtazama meno, akamtazama miguu, kisha akamwambia karibu, kama anavyomwambia mtu. Halafu akawatuma watoto wakawaite wazee wa rika lake.

Lazima nieleze hapo. Kwetu mahari haisemwi kwa ujumla, ina vitu vyake: kondoo dume, kondoo jike ambaye hajazaa, tunayemwita mwati, ng'ombe, fahali, asali. Kila kitu kina maana yake. Mume wangu alikuwa ameleta kondoo dume siku ya kwanza, akaahidi kwamba mengine yatafuata. Yaliyofuata ni mvua, kiangazi na watoto wawili. Baba hakuwahi kudai. Lakini kila alipotoka kwenye mahari ya binti wa jirani alikaa nje peke yake muda mrefu, nami nilijua anafikiria nini. Sasa miezi michache kabla ya kondoo, mzee yule yule wa Muthara alikuwa amekuja kusalimu akiwa na mtungi wa plastiki uliojaa asali. Baba aliuweka chini ya kitanda chake, na asali ile ikaliwa kijiko kwa kijiko, yeye na rika lake, kwa heshima kubwa. Baada ya asali, mwati. Wazee walikunywa uji, wakamsifu kondoo, wakasema watu wa Muthara huchelewa lakini hufika. Kabla ya Jumatatu baba alikuwa amemjengea kondoo kibanda chake peke yake, cha mbao zilizopigwa randa, kizuri kuliko jiko nililokuwa nikipikia.

Nilikaa kwenye jiko hilo nikichemka kuliko sufuria. Wiki ile ile binti yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mdogo wake alikuwa na kifua kinachobana kila baridi inaposhuka, na nilikuwa nimetoka naye hospitalini pale Nkubu nikiwa na karatasi ya dawa ambazo sikuwa nimezinunua zote. Nilikuwa nauza chapati stendi ya Nkubu, baba anakamua ng'ombe, na hivyo ndivyo tulivyoishi. Na huyu bwana, ambaye hajauliza hata kiatu cha mtoto, anapata kondoo wa kumletea mzee. Analipia mke aliyemwacha, na watoto aliowazaa hawaoni hata penseli. Niliwaza hivyo, nikaona nitapasuka.

Nilianza kuulizia. Wanawake wenzangu wa stendi waliniambia niachike kwanza, ndipo serikali inisikilize. Mwenye mume hawezi kumshtaki mume. Mmoja alikuwa ameachika na alizungumza kama daktari. Ushauri wao ulinitisha kuliko njaa. Nikiachika watu wa Muthara wanaweza kuja kuwadai watoto, na sikuwa tayari kuwatoa hata kwa likizo. Tena, niseme ukweli, nilikuwa sijamalizana na yule mtu. Huwezi kumwacha kabisa mtu ambaye bado unagombana naye kichwani kila unapopaka chapati mafuta.

Mwishowe nilivaa sketi yangu ya kanisani nikaenda kwa afisa wa watoto. Alikuwa mama wa makamo kutoka Embu, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hata padri wetu hawezi. Aliniambia talaka ni safari nyingine. Watoto wana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, wawe wanalala nyumba moja au wawe wamenuniana, na mimi ninaweza kudai matunzo leo nikiwa mke wa mtu na kesho nikiwa mke wa mtu vilevile. Aliandika barua ya kumwita mume wangu, akauliza nani ataipeleka Embu. Nikasema mimi. Alinitazama juu ya miwani, nikaona amenishuku kidogo.

Baba hakufurahi. Hakupandisha sauti, hapandishi, lakini alikwenda kusimama kwenye kibanda cha kondoo na kuzungumza nami akiwa amenigeuzia mgongo. Mtu analeta mahari, alisema, halafu wewe unampeleka kwa serikali. Watatuonaje? Nilimwambia mahari haivaliwi shuleni. Siku ya kwenda Embu nilikuta ameniachia nauli chini ya kikombe changu cha chai, noti zilizokunjwa ndogo kama anavyokunja za sadaka, na mwenyewe ameshakwenda kwenye kahawa ili nisimshukuru.

Jengo lilikuwa nyuma ya soko la Embu, ghorofa tatu zilizosimama na ya nne ikianza. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa juu, anapanga mawe, ile pimamaji ya njano kando ya mguu wake, na nilijisikia mjinga kwa jinsi moyo ulivyoruka. Alikuwa amekonda. Mtu alimwambia kuna mgeni. Akatazama chini, akashuka ngazi taratibu, simenti kwenye nyusi kama mvi. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniuliza kama nimekula. Alinipeleka kwenye hoteli ya mabati, akaagiza chai na mandazi, akanisogezea kiti ambacho hakiyumbi na yeye akakalia kile kibovu. Mambo yake ndiyo hayo. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika.

Nilimpa barua. Aliisoma, akairudia, akapangusa uso.

"Mimi natuma vitu ya watoto kila mwisho wa mwezi, mama watoto. Tangu uende."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Nilimwambia atafute uongo mwingine, na kwamba kondoo wake nimemwona, amenona, baba amemjengea nyumba. Alinikodolea macho, akauliza kondoo gani. Nikaona ananifanya mtoto. Nilisimama, nikamwambia tukutane mbele ya afisa, nikatoka. Mandazi mawili yaliyobaki niliyafunga kwenye kitambaa kwa ajili ya watoto, maana hasira ni hasira na chakula ni chakula.

Siku ya kuitwa tulifika sote. Mume wangu alikuja amevaa shati jeupe, na kando yake baba mdogo wake na koti. Baba yangu alikuja nami. Alisema anakuja tu kunisindikiza, lakini alikuwa amenyoa ndevu. Watoto niliwaacha nje kwenye nyasi. Walimrukia baba yao mlangoni kabla sijaweza kuwazuia, na mvulana akamshika suruali mpaka afisa akatoka kumbembeleza.

Afisa alimuuliza mume wangu kwa nini hatoi matunzo. Akasema anatoa. Kila anapolipwa Embu anatuma kwa simu kwa baba yake mdogo kule Muthara, amfikishie mke wake kwa ajili ya watoto, kwa sababu mke mwenyewe amemfungia simu, na yeye hawezi kukanyaga kwa mkwe wake wakati mke amerudi kwa hasira. Hapo afisa alinitazama mimi, nami nikatazama kalenda ukutani. Kisha alimgeukia mzee wa koti.

"Mzee, hizo pesa ulipeleka?"

"Nilipeleka," alisema mzee. "Asali. Na kondoo."

Afisa alivua miwani. Aliuliza, kwa upole sana, kwa nini pesa za chakula zilifika zikiwa kondoo. Mzee alionekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Alikalia ukingo wa kiti, akakusanya koti lake magotini.

"Madam, mimi niingie kwa wakwe na bahasha kama karani? Niambie mzee kama huyu, shika, hii ni ya chakula ya watoto? Si hiyo ni kumwambia ameshindwa kulisha wajukuu wake?"

Alikuwa na haki, na hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Mtu wa adabu haingii kwa wakwe na noti mkononi. Alikuwa amezikusanya pesa zile, akanunua kitu cha heshima, kitu ambacho sisi tungeuza tukalipa karo, na kwa adabu hiyo hiyo hakusema ni cha nini. Na baba, kwa adabu yake, hakuuliza. Asali imekuja, kondoo jike amekuja, vimeletwa na mzee wa ukoo. Angefikiria nini kingine? Watu wawili wenye heshima kubwa walikuwa wameketi sebuleni wakizungumza kuhusu mvua, na karo ya binti yangu ikilia chini ya dirisha.

Nilimtazama baba. Nilitaka kucheka na nilikuwa nusu nimeanza, lakini nilipomwona uso kicheko kilikwama. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono yote miwili juu ya fimbo yake.

"Kwa hivyo yule si mwati," alisema.

Mume wangu aliinama kama aliyepigwa. Nilielewa hapo kwamba baba hakuwa amefurahia kondoo. Alikuwa amefurahi kwamba kuna mtu amekumbuka kuwa binti yake ana thamani, na sasa mbele ya watu anaambiwa hakuna aliyekumbuka. Nilimwonea uchungu baba yangu siku hiyo kuliko nilivyowahi kujionea mwenyewe.

Afisa alijaribu kusaidia. Alisema jambo ni rahisi, mzee amrudishe kondoo Muthara, auzwe huko, na pesa ziletwe kwa watoto. Wazee wote wawili waliinua vichwa pamoja, na kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja.

"Akirudi," alisema baba, "huyu mama hana bwana tena."

Afisa hakuhitaji tafsiri. Embu nako mambo ni yale yale. Kitu kilicholetwa kwa mkwe kikirudishwa, ndoa imerudishwa nacho. Hata kama kililetwa kwa makosa, hakuna atakayeuliza makosa. Watu wataona kondoo anarudi njiani, basi. Afisa aliweka kalamu mezani. Alinigeukia mimi, akaniuliza kama ninataka talaka, kwa sababu kama ninaitaka, imefungwa kamba kwa babangu na inakula majani.

Nikatazamwa na watu wote. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba niliogopa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikijiambia kwamba siku nikipata nafasi nitamwonyesha. Dirisha lilikuwa wazi na nilisikia watoto nje, msichana akimwambia mdogo wake asikimbie asije akabanwa na kifua. Mume wangu hakuniomba chochote. Alikuwa anatazama viatu vyake, vile vya harusi yetu, alivyovipaka rangi kuficha pale vilipopasuka. Nilimkasirikia na nikampenda, vyote kwa pumzi moja.

"Sikuja kwa talaka," nilisema. "Nilikuja kwa matunzo ya watoto. Kondoo asirudi. Lakini asikae kwa jina la mahari pia, baba. Akae kwa jina la watoto."

Baba aliomba ruhusa akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye nyasi, wajukuu wake wamemning'inia mikononi mmoja huku mmoja kule. Aliporudi aliketi, akasema ni sawa. Ila rika lake walikuja kumwona yule kondoo kama mwati, kwa hivyo lazima waje tena waambiwe, na atakayewaambia ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Mzee wa Muthara alisema atakuwepo, kwa sababu makosa ni ya wawili. Walishikana mikono, wakashikana muda mrefu.

Makubaliano yaliandikwa: karo na dawa ni za baba yao, chakula tutasaidiana, na atakuwa analeta mwenyewe. Afisa aliniambia nimfungulie mtu simu hapo hapo, akiona. Nilimfungulia. Kisha akavaa miwani yake, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Nyinyi watu wa Meru mtakufa na maneno mdomoni. Kuanzia leo kitu kikiletwa kwa hiyo boma, aliyeleta aseme ni ya nani. Kwa sauti."

Wazee wa rika waliitwa tena, wakapikiwa uji tena. Baba alimpa binti yangu kamba ya kondoo aishike, akasimama kando yake, akawaambia kwamba huyu kondoo ni wa watoto hawa, waliletewa wao na baba yao, naye alikuwa amekosea kumwita mwati. Alisema kwa sauti ile ile anayosomea somo kanisani. Mmoja wa wazee aliuliza basi asali ilikuwa ya nani. Baba alisema asali pia ilikuwa ya watoto, na kwamba mmoja wa walioila ni huyo anayeuliza. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mzee wa Muthara akavua koti. Nilidhani sitaishi kuiona siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata baba alifungua kile kibanda kizuri. Alikuwa amemtenga yule kondoo miezi yote hiyo, mbali na madume, ili abaki mwati. Sasa alimtoa, akamvuta mpaka kwa jirani mwenye dume, akamwacha huko kwa siku kadhaa. Mwana-kondoo wa kwanza ndiye aliyemnunulia binti yangu sare ya shule na sanduku, na wa pili baba alikataa kumuuza kwa kuwa mvulana alikuwa ameshampa jina.

Na mume wangu alianza kuja. Mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya kanisa, tunamsikia langoni kabla hajaingia. Anasimama pale, gunia begani au mfuko mkononi, anasafisha koo na kutangaza kama mpiga mnada, "Hii ni ya watoto." Naye baba, kutoka kwenye kiti chake chini ya ukingo wa paa, anajibu, "Tumesikia." Ndipo lango linafunguliwa. Watoto wa jirani waliyafanya maneno hayo mchezo wao kabisa. Hata wakileta vijiti vya kuni unawasikia hii ni ya watoto, tumesikia. Mara za kwanza alikunywa chai yake nje akiwa amesimama. Siku moja ilinyesha, akaingia jikoni. Alitazama sakafu yangu, akauliza nimekuwa nikipikaje kwenye mteremko kama huu. Jumapili iliyofuata alikuja na simenti na ile pimamaji ya njano, akapiga magoti akasawazisha jiko lote, na nilipotazama, kile kiputo cha pimamaji kilikuwa katikati, kimetulia. Nilimwambia kumbe haikuharibika. Akasema haikuharibika, ila ina alama.

Bado anaishi Embu. Bado mimi niko kwa baba, ninapika chapati stendi, na nje ya kanisa wanaendelea kuniuliza. Nikimwona ninafurahi, halafu nakumbuka gunia la vifaa likiwa limeshafungwa kabla sijaulizwa, na furaha inakaa kando kidogo.

Mwezi uliopita alikuja kama kawaida. Alitangaza gunia la unga na viatu vya mvulana, akajibiwa, akaingia. Lakini alikuwa pia na mtungi mdogo wa plastiki, umefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa uzi. Aliuweka karibu na mguu wa mlango. Hakusema ni wa nani. Alikunywa chai, akakagua daftari za binti yake, akaaga, akaondoka, na mtungi ukabaki pale pale.

Baba aliutazama mpaka jua likaondoka mlangoni. Alijua ni nini, na mimi nilijua. Harufu ya asali ya Muthara haifichiki kwa jani. Baba ni mtu anayeweza kumaliza kijiko cha asali kwa nusu saa, macho ameyafumba. Lakini hakuugusa. Alinyoosha fimbo akauonyesha, akaniita kutoka jikoni.

"Mama," alisema, "hii ni ya nani?"

Mara ya kwanza hakuwa ameuliza. Nilisimama mlangoni na unga mikononi, nikamwona jinsi alivyokuwa akijitahidi uso wake usitake chochote.

"Iweke ndani, baba," nilimwambia. "Lakini usiite rika lako bado."

Aliinama akauchukua kwa mikono miwili, akaupeleka chini ya kitanda chake, mahali pale pale. Bado uko huko, uzi haujafunguliwa. Kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, nami namwambia nimelala vizuri, na anakwenda zake kukamua ng'ombe bila kuuliza zaidi.